Shahada ya uuguzi ipimwe Chome, siyo kwenye mahafali

Vijana wenzangu wa Same, tuulizane ukweli. Shahada ya uuguzi ni miaka 4 ya chuo, halafu mwaka 1 wa utarajali hospitalini. Mzazi kauza tangawizi yote ya Mamba Miamba, na deni la Bodi ya Mikopo bado linamsubiri mtoto. Tume ya Vyuo Vikuu inakagua mitaala na walimu. Sawa, ndiyo kazi yake. Ila nani anakagua mhitimu yuko wapi?

Yuko kibanda cha M-Pesa, anasubiri tangazo la ajira! Huku mama wa Chome akishikwa uchungu usiku wa mvua, anateremshwa mlimani kwa bodaboda.

Eti "vijana jiajirini". Muuguzi ajiajiri vipi jamani, azalishe watu uchochoroni?

Sina ugomvi na vyuo. Wanaotoka KCMC pale Moshi kazi wanaijua. Ugomvi wangu ni na serikali inayosomesha halafu haiajiri. Kwenye bajeti ya afya wasome namba: wauguzi wa shahada wangapi wamehitimu, wangapi wameajiriwa, wangapi wamepelekwa zahanati za milimani. Mbunge asipouliza, tutamuuliza yeye akija kuomba kura.