Barua kutoka Japani kwa watu wa Kolwezi

Wazazi wangu, yaya zangu na wadogo zangu wa Manika na Dilala, pamoja nanyi wa Kasulo, Musonoi na Luilu,

Ile picha yangu chini ya miti ya maua naona mmeisambaza hadi Likasi, na maswali yamekuwa mengi. Ni sherehe gani ile? Kwa nini watu wazima wametandika maturubai na kula chini ya miti? Nimeona heri niwajibu wote kwa pamoja. Tena lipo jambo lililonikaa moyoni tangu siku ile, ambalo picha haikulionyesha, nalo linatuhusu sisi kuliko maua.

Miti ile ni sakura. Huchanua mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, kabla majani hayajatoka, kwa hiyo tawi zima huwa maua matupu, meupe yenye wekundu kidogo sana. Mnajua jakaranda zetu zinavyogeuza barabara kuwa zambarau mvua zinapokaribia. Ni uzuri wa namna hiyo, ila hapa watu huungojea kwa kuhesabu siku. Aina inayopandwa zaidi, Somei Yoshino, huzalishwa kwa kupandikiza kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, hivyo yote ni kama mti mmoja uliogawanywa nchi nzima. Ndiyo maana miti ya mtaa mmoja huchanua kwa pamoja na kupukutika kwa pamoja. Ikishachanua yote, una wiki moja hivi, na mvua ikinyesha hata wiki haifiki. Basi familia, wafanyakazi wa ofisi moja, wazee na wanafunzi, kila kundi hubeba chakula chake, hutandika turubai la buluu na kuketi. Hakuna hotuba wala ibada. Wanakula, wanaongea, wanatazama juu.

Ninakoishi, Fukuoka, sakura zipo tele. Lakini mimi nilitaka kuziona Hiroshima. Treni ya kasi inachukua kama saa moja.

Nilianzia bustani ya Shukkeien, iliyotengenezwa mwaka 1620, yenye bwawa katikati na vijia vinavyolizunguka. Humo ndimo ulimo mti wa sakura ambao idara ya hali ya hewa huutumia kama kipimo cha mji: ofisa huja kuukagua, na maua matano au sita yakishafunguka, hutangazwa rasmi kwamba Hiroshima imechanua. Nilikuwa nimeufuata mti huo. Kilichonisimamisha kikawa mti mwingine, ginko mkubwa ulioinama upande mmoja, wenye kibao kidogo mbele yake. Kibao kinaeleza kwamba mti huu ulikuwapo bomu la atomiki lilipoanguka, na kinataja hata umbali wake kutoka mahali lilipolipukia: mita 1,370. Mjini humo kuna miti ipatayo 160 ya namna hiyo, iliyoungua ikachipua tena, na kila mmoja una kibao chake. Siku ile ya tarehe 6 Agosti 1945 watu walioungua walikimbilia bustani hii wakitafuta maji, wakafia humo kwa wingi, wakazikwa humohumo. Mwaka 1987, zaidi ya miaka 40 baadaye, watu wa mji walirudi kufukua na kuyatoa mabaki yao. Fikirini: miaka 40, na bado hawakusahauliwa.

Kutoka hapo nilipanda tramu. Tramu mbili, namba 651 na 652, zilinusurika na bomu na hadi leo zinabeba abiria. Siku tatu tu baada ya mlipuko, mji ukiwa bado majivu, kipande kimoja cha njia kilikuwa kimeshaanza kufanya kazi.

Nilishuka karibu na jengo ambalo nyote mmewahi kuliona pichani, lile lenye kuba ya vyuma vitupu. Mbele yake unapita mto Motoyasu, na kingo zake zote zina sakura. Watu walikuwa wameketi chini ya maua wakila, jengo lililopasuka likiwa mbele yao ng'ambo ya maji. Mwanzoni moyo ulikataa. Baadaye nikaona kwamba kwao kuketi pale ni namna ya kukaa na wafu wao, kama sisi tunavyoketi siku za kilio, tukila na kuongea huku aliyeondoka akiwa kati yetu.

Sasa nifike kwenye neno langu.

Wazee wetu wanawakumbuka Wajapani wa kampuni ya SODIMIZA, waliochimba shaba kule Musoshi miaka ya 1970. Wengi wanadhani ndipo Katanga na Japani zilipojuana. Sivyo. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, jirani na Likasi, upande huohuo tunaopitia tukienda Lubumbashi. Kampuni ya Union Minière, mzazi wa Gécamines yetu, ndiyo iliyokuwa ikichimba. Jiwe la pale lilikuwa na urani nyingi kupita karibu migodi yote ya dunia wakati ule. Mwaka 1940 mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York, zikawekwa ghalani kisiwa cha Staten Island. Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua, kisha likataka nyingine. Vita vilipokwisha Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani. Hiroshima, hadi mwisho wa mwaka 1945, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa.

Na waliolitoa jiwe lile ardhini? Hawakuambiwa ni la nini. Walilipakia, wakarudi majumbani na vumbi lake nguoni. Desemba 1941, vita vikiwa vimepamba moto, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kule Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, wakidai mishahara walipigwa risasi uwanjani. Mimi nimesoma shule za Kolwezi tangu darasa la kwanza, na sikuwahi kufundishwa jina hata moja la mchimbaji wa Shinkolobwe. Jina la Sengier nilifundishwa.

Katikati ya bustani ya amani, ng'ambo ya mto ule, kuna mnara wa jiwe uliopinda kama paa, uliojengwa mwaka 1952. Chini yake kuna sanduku la jiwe, na ndani ya sanduku mna vitabu vya majina. Kila mwaka tarehe 6 Agosti huongezwa majina ya walionusurika na bomu ambao wamefariki tangu Agosti iliyopita. Sasa yamezidi 340,000. Mwezi wa Mei vitabu hutolewa nje, hupigishwa upepo na kukaguliwa ukurasa kwa ukurasa visiliwe na unyevu. Na kimo kitabu kimoja kisicho na jina lolote. Ndani yake yameandikwa maneno machache tu, kwamba wako wengi ambao majina yao hayakujulikana. Nacho kinapigishwa upepo pamoja na vingine.

Nilisimama pale muda mrefu, na mawazo yangu yote yalikuwa Kolwezi. Niliwafikiria waliofukiwa mwezi wa Juni 2019 kwenye mashimo ya mgodi wa KOV, watu wasiopungua 43. Tulisikia idadi redioni, na hata idadi yenyewe ilibishaniwa. Niliwafikiria vijana wa Kasulo, tangu ule mwaka 2014 kobalti ilipoonekana chini ya nyumba na watu wakaanza kuchimba ndani ya nyua zao. Wangapi hawakupanda tena? Niliwafikiria wa Shinkolobwe yenyewe, iliyofungwa kwa amri ya rais Januari 2004, watu wakaendelea kuingia kutafuta kobalti, na Julai mwaka huohuo mgodi ukaporomoka na kuua. Shaba na kobalti yetu inafika dunia nzima. Hapa nilipo magari yanatembea kwa betri, na kila kampuni inajua kilo ngapi imenunua na kwa bei gani. Aliyefia shimoni anajulikana kwa mamake tu, na mama akifa habari imekwisha.

Msiniambie kwamba hatujui kuandika. Kila kilio cha kwetu kina daftari. Mtu anaketi mezani na kalamu, anaandika nani ameleta nini: fulani franka kadhaa, fulani mfuko wa unga, fulani kreti ya vinywaji. Daftari linatunzwa miaka, kwa sababu kesho kilio kitakuwa kwa fulani na lazima tumrudishie. Tunamwandika aliyechangia, na marehemu mwenyewe hatumwandiki.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na ninaliomba kwa moyo wote. Kwenye daftari hilohilo, acheni ukurasa wa kwanza. Andikeni jina la marehemu, yote, na lile la nyumbani. Andikeni alizaliwa wapi, shimo gani, siku gani, nani alikuwa naye chini, nani alileta habari. Akina mama na watoto wanaoosha mawe mtoni waandikwe pia. Wanakufa maji na hakuna anayewahesabu. Kama ameletwa mtu ambaye hakuna anayemfahamu, kama wanavyokuja vijana kutoka Kasai na kufa bila ndugu, andikeni hivyo: hakujulikana, alikuwa amevaa nini, amezikwa upande gani wa makaburi.

Yaya, wewe unawajua maparoko na wachungaji. Zungumza nao mapema, maana wao hutunza vitabu vya ubatizo na wanajua kuhifadhi karatasi. Baba, tafadhali nenda Likasi ukawaone wale wazee wenzako waliokuwa Union Minière na watoto wao, wakuambie ni nani walifanya kazi Shinkolobwe miaka ya vita. Wamebaki wachache, usingoje kiangazi kiishe. Nauli nitaituma wiki ijayo. Kila ukurasa ukijaa, upigeni picha mnitumie kwa WhatsApp. Nitaunakili kwa mkono huku, ili nakala ziwe mbili, moja kwenu na moja kwangu.

Ndugu yenu,
Fukuoka