Tumtambue Kima Punju Kabla ya Kumhukumu

Sisi wa Ng'ambo tuna mazoea ya kumwita kila mnyama wa mitini "kima", kisha tukamtwisha makosa ya wenziwe. Mazoea haya hayafai, nami nitatoa sababu.

Unguja wako kima wa namna mbili. Kima wa kawaida ana kidole gumba kama sisi, na mifuko mashavuni ya kuwekea chakula. Kima punju ni wa ukoo wa mbega: gumba lake ni kijipande tu, mifuko hana, na tumbo lake limeumbwa kwa kula majani. Hata miongoni mwa mbega wekundu hafichiki. Yule wa Udzungwa, huko bara, ana utosi mwekundu. Wetu ana mgongo mwekundu, mabega meusi na nywele ndefu nyeupe kichwani. John Edward Gray alimweleza kuwa ni aina mpya mwaka 1868, akampa jina la Dokta John Kirk, aliyekuwa akikaa Unguja.

Wenyeji walikwisha kumjua zamani, lakini jina "punju" lina maana ya sumu, kwani ilisemwa kuwa mti aulao hufa. Mashamba nako alishtakiwa kwa kula vidaka vya minazi. Kirsten Siex na Thomas Struhsaker waliichunguza minazi yenyewe, na mwaka 1999 walitangaza kuwa mavuno hayakupungua kwa ajili yake. Basi mashtaka yalitangulia ushahidi.

Wako watakaosema kuwa kupambanua wanyama ni kazi ya wataalamu. Lakini nao hujisahihisha. Mwaka 2005 kipunji wa Rungwe na Ndundulu alitangazwa, akawekwa katika jenasi isiyo yake. Mwaka 2006, baada ya kuchunguzwa mmoja aliyenaswa mtegoni shambani, alionekana kuwa karibu zaidi na nyani, akapewa jenasi yake mwenyewe. Hawakuona haya kubadili neno lao. Kwa nini sisi tuone?

Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata kima punju 5,862, na asili yao ni Unguja peke yake. Tukimpoteza kwa uvumi, hatutampata kwingine. Kwa hiyo, kila mwanafunzi aendaye Jozani na achukue daftari: atazame kidole, mgongo na utosi, aandike alichokiona, ndipo ahukumu.