Nirudishieni Usukani wa Babu!

Ndugu msomaji, leo siandiki siasa. Au tuseme naandika siasa ya bomba. Bomba lenyewe liko mbele ya kila baiskeli, urefu wake haufiki hata mita moja, na mwaka jana lilikaribia kuninyang'anya kazi ya uandishi.

Usicheke. Soma kwanza.

Mimi naishi Madale, ofisi iko Mwenge. Wanaoijua njia hiyo wanajua ninachosema. Unatoka nyumbani kwenye mchanga, unaingia kwenye kokoto, unavuka makorongo yaliyochimbwa na mvua, unaruka matuta ambayo kila mtaa umejijengea wenyewe, halafu ndipo unapokutana na lami ya Barabara ya Bagamoyo. Jioni unarudia hayo hayo kinyumenyume. Nilichoka foleni, nilichoka kusimama kwenye daladala na begi la kompyuta kifuani, nikasema sasa basi, nanunua baiskeli.

Nikaenda duka moja mjini. Nikaikuta moja nyeusi, nyepesi, usukani wake umenyooka kama fimbo ya mchungaji, uko chini kuliko siti. Nikamwuliza muuzaji, mbona wa hivi, ule uliorudi nyuma hamna?

"Kaka, hii ndiyo ya kisasa," akaniambia. "Ule ni wa wauza mkaa."

Jamani, neno hilo lilinimaliza. Mimi na digrii yangu, na kitambulisho cha uandishi shingoni, nionekane muuza mkaa? Nikatoa pesa. Nakiri hapa mbele yenu: nilichagua usukani kwa kuogopa kuchekwa.

Mwezi wa pili kidole kidogo cha mkono wa kulia kikaanza kufa ganzi. Kikafuata cha pete. Mwanzoni ganzi ilikuja nikiwa njiani na kuondoka nikifika. Baadaye ikawa nakaa nayo ofisini hadi saa sita mchana. Siku moja kwenye mkutano na waandishi kalamu ikanidondoka nikiwa naandika, na nilipoiokota nikashindwa kuibana. Kwenye kibodi nikawa nakosa herufi za upande wa kulia. Sasa mwandishi asiyeweza kuandika ni nani? Nikaenda hospitali.

Daktari hakuniuliza sana. Aliposikia baiskeli akanibonyeza chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo. Nikaruka. Akanieleza kwamba hapo unapita mshipa wa fahamu uitwao ulna, unaohudumia kidole kidogo, nusu ya kile cha pete, na misuli mingi midogo ya mkono. Unapita kwenye kijia chembamba. Ukiuegemea kwa uzito wa mwili, tena kwenye barabara inayokupigapiga, mshipa unaminywa. Mambo haya yanajulikana kwa madaktari wa Ulaya na Marekani kiasi kwamba yamepewa jina linalomtaja mwendesha baiskeli. Ganzi ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, huo ni mshipa mwingine, unaopita katikati ya kifundo cha mkono. Ukipuuza, akasema, misuli inaweza kudhoofika na isirudi kama zamani.

Nilitoka pale nimekasirika. Kwanza nilijikasirikia mwenyewe, halafu nikaikasirikia hii kasumba inayotuambia kwamba kitu alichokuwa nacho babu hakiwezi kuwa sahihi.

Wiki hiyo hiyo nikapata somo la pili, la bure. Narudi nyumbani, niko kwenye ule mchanga, gurudumu la mbele linacheza, napigana nalo. Nyuma nikasikia kengele. Mzee mmoja akanipita, Phoenix nyeusi, keria imebeba magunia mawili ya mkaa. Amekaa wima kama yuko barazani. Mbele akasimama kupumzika, nikamfikia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mbona unaendesha kama unapiga pushapu?"

Nikacheka. Nilipofika nyumbani nikashika usukani baiskeli ikiwa imesimama, nikajitazama kwenye kioo cha dirisha. Mzee hakukosea hata kidogo.

Fanya jaribio hili hapo ulipo. Beba ndoo mbili za maji. Viganja vyako vinatazama wapi? Vinatazama mapaja. Sukuma toroli la zege. Mishikio yake inakujia wewe, na viganja vinatazamana. Hivyo ndivyo mkono ulivyoumbwa kubeba. Sasa shika fimbo iliyonyooka mbele yako, halafu uiegemee kwa nguvu. Viganja vinatazama chini, vifundo vinapinda kwenda nje, na uzito wote unashukia pale pale daktari aliponibonyeza.

Usukani wa Phoenix unarudi nyuma kukufuata. Ni mishikio ya toroli. Uko juu, kwa hiyo uzito unaenda kwenye siti, mikono inabaki na kazi ya kuongoza tu. Ni mpana, kwa hiyo mchangani una nguvu ya kulirudisha gurudumu linapotaka kwenda lake. Yule mzee hakunipita kwa miujiza.

Watu wataniambia huo ni usukani wa watu wasio na haraka. Wasome historia. Waingereza wanauita North Road, jina la barabara kuu ya kutoka London kwenda kaskazini. Kwenye barabara hiyo kulikuwa na klabu ya jina hilo hilo, iliyoanzishwa mwaka 1885 na watu waliopenda mwendo wa kasi na wa masafa marefu. Usukani wa babu unabeba jina la wakimbizaji! Baadaye ukawekwa kwenye zile baiskeli nzito nyeusi za Raleigh wa Nottingham zilizosambazwa kwenye makoloni, kisha Wachina wa Shanghai wakatengeneza Phoenix na Forever, na Wahindi wa Ludhiana wakatengeneza Hero na Avon. Kenya wanaziita Black Mamba. Zimebeba mkaa, maziwa, ndizi, wagonjwa na maharusi kwenye njia ambazo hakuna mtu wa London aliyeziota.

Na hizi za mlimani tunazoziona za kisasa? Zilianza California. Mwaka 1976 vijana karibu na mji wa Fairfax walianza kushindana kuteremka mlima kwenye njia ya vumbi waliyoiita Repack, na walitumia baiskeli kuukuu za Schwinn. Usukani waliopenda ulikuwa mpana, wenye kurudi nyuma, na mishikio ya breki za pikipiki. Mashindano yalipokua ndipo fimbo iliyonyooka ikatawala. Miaka ya 1990 watu walikata usukani hadi chini ya sentimita 60 kwa sababu mabingwa walikuwa nao mwembamba. Leo baiskeli hizo hizo zinauzwa na usukani wa sentimita 75 hadi 80, na wanaambiwa ndio sahihi. Je, mabega ya binadamu yamekua kwa sentimita 20 ndani ya miaka 30? Kilichobadilika ni mtindo.

Sasa tuje kwa ndugu zangu wa pembe za kondoo, yaani ule usukani wa mashindano unaopinda kwenda chini. Nitawatendea haki. Ukishika pale juu kwenye vichwa vya breki, viganja vinatazamana vizuri. Una sehemu kadhaa za kubadilisha mkono, na upepo ukiwa mkali unajikunja. Ndiyo maana kwenye mashindano ya njia za kokoto wengi wanautumia, ule uliotanuka kwenda nje huku chini. Kule Emporia, Kansas, wanakimbia karibu kilomita 320 kwa siku moja tangu mwaka 2006. Jirani zetu Kenya wana Migration Gravel Race kule Maasai Mara tangu mwaka 2021. Nawavulia kofia.

Lakini wewe unayekwenda kazini na begi mgongoni unashindana na nani? Usukani ule unakulaza mbele, ni mwembamba mchangani, na kwenye mteremko wenye mashimo vidole vyangu viliitafuta breki kama mtu anayetafuta swichi gizani. Tena bomba lake lina unene wa milimita 23.8 mahali pa kushika, wakati mengine mengi ni 22.2, kwa hiyo breki zako za zamani haziingii. Unanunua upya kila kitu. Hiyo ndiyo biashara.

Wazungu wenyewe wamestuka. Kule Oregon, Marekani, Jeff Jones anauza usukani uliorudi nyuma digrii 45, na wasafiri wa masafa marefu wanausifu. Wa kawaida ulionyooka hurudi digrii 5 hadi 10 tu. Subirini, siku si nyingi utaletwa hapa umefungwa kwenye boksi zuri, na yule muuzaji wangu atasema huu ndio wa kisasa, kaka. Tutaununua kwa bei ya baiskeli nzima ya mzee.

Mimi sikusubiri. Nilikwenda kwa fundi wa mtaani kwetu, mwenye rundo la vipuri vya baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile za akina mama wa kule za kwendea sokoni zenye kikapu mbele. Usukani wake umerudi nyuma vizuri, na breki zake ni za waya. Aliufunga kwa bei ambayo dukani nisingepata hata raba za mikono.

Mkitaka kunifuata, sikilizeni haya, maana mengine nimeyajua kwa kukosea.

Pimeni katikati, pale usukani unapobanwa na shingo. Kuna wa milimita 25.4 na wa 31.8. Usikubali kujazia pengo kwa bati la kopo, litakuachia siku ya mteremko. Usichukue ule wa Phoenix wenye breki za vyuma, kwa sababu mishikio na vyuma vyake vimejengwa pamoja na usukani, na breki zako za waya hazitapata pa kukaa. Usimruhusu fundi apashe alumini moto aipinde, wala achomelee. Alumini haitoi taarifa kabla ya kukatika.

Pandisha usukani ufike usawa wa siti au uzidi sentimita mbili tatu, lakini shingo ya kuchomeka ina alama ya mwisho. Ukiiona alama hiyo, umepitiliza, rudisha chini. Kumbuka mikono itakuja nyuma kama sentimita kumi. Geuza usukani hadi mwisho kila upande uone kama unagonga magoti, na kama waya za breki zinavutika. Zikivutika, nunua ndefu zaidi. Ukibanwa, tafuta shingo ndefu zaidi. Upana uzidi mabega yako kidogo. Na kwa kuwa sasa umekaa wima, tafuta siti pana, kwa sababu uzito uliokuwa kwenye viganja umehamia huko.

Hasara zipo, sitaki kuwadanganya. Upepo wa bahari ukivuma usoni nalipa dakika kadhaa. Kilima kikali lazima niiname mbele, la sivyo gurudumu linapepesuka. Wanaonipita kwenye lami ni wengi. Wanaonipita kwenye mchanga ni yule mzee peke yake.

Ganzi? Haikuondoka siku moja. Ilichukua miezi kupungua, na kidole kidogo bado hunikumbusha nikikaa sana kwenye kompyuta. Lakini kalamu haijadondoka tena. Makala hii nimeiandika kwa vidole vyote kumi.

Ninachowaomba ni kitu kimoja. Wapo dada zangu na kaka zangu niliowajua walionunua baiskeli kwa furaha, wakaendesha wiki tatu, wakaumwa shingo, mgongo na mikono, wakajisema baiskeli si zao, wakarudi kwenye foleni. Baiskeli zao sasa zinaanikiwa nguo. Hakuna aliyewaambia kwamba kosa lilikuwa kwenye bomba moja, na kwamba dawa yake iko kwenye rundo la fundi mtaani. Waliambiwa wataonekana kama wauza mkaa.

Kwani muuza mkaa kawakosea nini? Huyo ndiye anayeendesha kila siku, kwenye njia mbovu kuliko zote, na mzigo mzito kuliko wote. Mkono wake ungekuwa unakufa ganzi asingekula. Mtu wa namna hiyo akichagua usukani, mimi namsikiliza.

Safari ijayo muuzaji akikuchekea usukani uliorudi nyuma, mwulize swali moja tu: leo umekuja kazini na nini?

Kazi kwenu. Tukutane barabarani. Mkiona mtu amekaa wima na kengele kubwa, ni mimi huyo, nipungieni mkono. Wangu una nguvu za kuwarudishia.