Kionjo cha dakika mbili hakitoshi kwa safari ya Kisangani

Goma, Bukavu na Uvira, watu wengi wanajua filamu za Kongo kwa kionjo tu, kile kipande cha dakika mbili kinachotangaza filamu na kupita kwenye simu kwa WhatsApp. Filamu nzima inakula mega nyingi. Familia iliyokimbia na godoro moja haitanunua mega za filamu wakati unga haujapatikana. Basi kionjo kinastahili kuhukumiwa, kwa kuwa kwa wengi ndiyo filamu yenyewe.

Chukua "En route pour le milliard" ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Inahusu Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji huo. Mamia ya raia walikufa, wengine wakabaki bila mguu au mkono. Karibu miaka 20 baadaye, waliopona wanapanda boti na kushuka mto Kongo hadi Kinshasa kudai fidia. Cannes iliiweka katika uteuzi wake rasmi wa 2020, mwaka ambao tamasha halikufanyika kama kawaida kwa sababu ya Covid.

Uzuri wa filamu hiyo uko pale ambapo kionjo hakifiki. Uko kwenye zile siku za mtoni: mvua, turubai, magongo, watu kubishana na kuchekana. Mtazamaji anachoka pamoja nao. Ndiyo maana wanapofika Kinshasa na kuzuiwa nje ya Bunge, hakuna anayehitaji kuelezwa hasira yao. Wako watakaosema sehemu za mchezo wa jukwaani zinachelewesha hadithi. Wanakosea. Pale jukwaani wahanga wanaamua wenyewe waseme nini na wasimame vipi, na hiyo ni nadra katika filamu zinazotengenezwa juu ya mashariki mwa Kongo.

Jina la filamu limezidi kuwa chungu. Bilioni iliyotajwa haikutoka. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa madhara yaliyowapata watu.

Upande mwingine kuna "Rumba Royale", ambayo hadithi yake iko Leopoldville mwaka 1959, na Fally Ipupa ndiye mwigizaji mkuu. Vijana wengi wataifuata kwa jina lake, na si kosa. Kongo ina haki ya suti, gitaa na mapenzi kwenye skrini. Haikuandikiwa kulia peke yake. Lakini 1959 ulianza na damu ya tarehe 4 Januari mitaani mwa mji huohuo, na filamu ya mwaka huo itapimwa kwa jinsi inavyoibeba siku hiyo.

Jambo zito zaidi halisemwi sana na wachambuzi. Mama aliyekimbia anaweza kukubali kusimulia yaliyompata katika filamu ndefu, ambamo maneno yake yana mwanzo na mwisho. Kionjo kinachukua machozi yake sekunde nne, kinaweka ngoma chini yake, kisha kinazunguka kwenye simu za kila mtu: wajomba, majirani, hata wale waliomfukuza kijijini. Je, aliulizwa juu ya kionjo? Mtengenezaji yeyote anayekuja na kamera mahali walipo wahami aombe ruhusa mara mbili, moja ya filamu na moja ya tangazo, na wenye sura waone kile kipande kabla hakijatoka. Kama hawakuona, kisitoke. Familia zilizopita Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zimepigwa picha za kutosha bila kujua zilikwenda wapi.

Tena filamu irudi kwa wenyewe. Ya Hamadi inarudi kwa urahisi kuliko nyingi, kwa sababu watu wake wanaongea Kiswahili na Lingala. Redio za jamii zingeweza kuomba ruhusa ya kuanza na sauti tu, kipande cha botini jioni moja, na kuwaachia wasikilizaji simu. Picha zitafuata siku umeme utakapopatikana.