Injini ya Subaru ikifumuliwa haijafa

Pita gereji yoyote hapa Songea, kuanzia Mfaranyaki hadi Lizaboni, utaambiwa kwamba injini ya Subaru ikishafumuliwa hairudi tena kuwa kama zamani. Ndiyo maana gasketi ya silinda hedi ikiungua na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, mwenye gari anashauriwa aitupe injini yake na kuagiza ya mtumba kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, asiyojua imetembea kiasi gani wala ilitunzwaje. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Injini ya Subaru yangu, EJ20 yenye turbo, nimeifumua na kuifunga mwenyewe uani kwangu, na nasema kauli hiyo inawatia watu hasara bure.

Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya kwa Subaru Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns naye akashinda kwa Impreza. Injini za mashindano hufumuliwa na kufungwa upya mara kwa mara, na bado zinahimili vumbi na mawe ya Safari.

Tatizo basi si kufumua, ni namna kazi inavyofanywa. Tazama hedi inavyoandaliwa huku kwetu. Fundi anafunga diski ya msasa kwenye grinda, na muda si mrefu aluminiamu inang'aa kama kioo. Mteja anafurahi. Kumbe diski imechimba vibonde visivyoonekana kwa macho, na gasketi mpya inaweza kuvuja hapo. Vumbi lake ndilo baya zaidi: chembe za msasa ni ngumu kuliko chuma, zinaingia kwenye njia za oili hadi kwenye beringi za krenki, ambako nafasi ya oili ni nyembamba kuliko unywele. Injini inaanza kugonga kabla hata ya kuimaliza milima ya Lukumburu, na lawama anabebeshwa Mjapani.

Hedi zangu nilizikwangua taratibu kwa kikwanguo cha plastiki, kisha nikalaza rula ya chuma na kupitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, chini yake kuona kama zimepinda. Msasa niliutumia kwenye matundu ya ekzosi tu, hedi ikiwa tupu, kuondoa matuta yaliyoachwa na kalibu, kisha nikaiosha mpaka maji yakatoka safi. Matundu ya kuingizia hewa hayahitaji kung'aa; ukwaru kidogo husaidia petroli ichanganyike na hewa.

Ringi ya pistoni nayo hupimwa ikiwa ndani ya silinda yake. Pengo kati ya ncha zake likiwa dogo mno, joto likipanda ncha hizo zinakutana na pistoni inameguka. Gasket meka, ile gundi ya kuzibia maungio, hupakwa mstari mwembamba; ukiimwaga, ziada inakatikia kwenye sampo na kuziba chujio la oili.

Ndugu mwenye gari, acha kumwambia fundi unalitaka gari kesho asubuhi. Kabla hujamwachia funguo, muulize kama ana fila geji na toki renchi ya kupimia ukazaji wa bolti. Akianza kutafuta grinda, chukua hedi yako uondoke. Nanyi walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA, wapeni vijana saa nyingi zaidi za kupima kuliko za kufungua na kufunga.