Uvimbe Katika Tumbo la Mtoto

Aghalabu agunduaye uvimbe wa tumbo la mtoto si daktari, bali ni mama yake, naye huugundua wakati wa kumwogesha. Mtoto anacheza, anakula, wala halii. Lakini ubavu mmoja umejaa kuliko mwenziwe. Wazee wakasema ni bandama, au ni minyoo, na mtoto akapelekwa kukandwa. Hapo ndipo tuwaombapo wasomaji wetu watusikilize: tumbo la namna hiyo halikandwi. Uvimbe wa figo waweza kupasuka, na ugonjwa uliokuwa mahali pamoja ukatapakaa tumboni mote.

Hospitalini mtoto hupigwa picha. Katika picha ya eksirei hewa iliyomo matumboni huonekana nyeusi. Uvimbe ukiwapo, weusi huo husukumwa kando, na mahali pake huwa kijivu kitupu. Kisha daktari hutazama kama mna punje nyeupe, mithili ya chokaa iliyonyunyizwa. Punje hizo huonekana mara nyingi katika neuroblastoma, uvimbe uanzao katika tezi iliyo juu ya figo au katika mishipa ya fahamu iliyo kando ya uti wa mgongo. Katika uvimbe wa figo yenyewe, uitwao Wilms kwa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1899, punje hizo ni nadra.

Lakini chokaa peke yake haitoshi kutoa hukumu. Siku hizi altrasaundi hutangulia, nayo haina miali yenye madhara. Katika Wilms, sehemu ya figo iliyosalia huonekana imeukamata uvimbe kama makucha. Neuroblastoma huisukuma figo nzima, nayo hupenda kuizunguka mishipa mikubwa ya damu. Kifua nacho hupigwa picha, kwa kuwa Wilms hukimbilia mapafuni.

Kwetu Afrika ya Mashariki yupo wa tatu: uvimbe alioueleza Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958. Huo hukaa tumboni na tayani pia. Basi mtoto mwenye tumbo lililovimba na meno yanayolegea, daktari aambiwe yote mawili. Wilms hutaka kisu pamoja na dawa. Wa Burkitt hutibiwa hasa kwa dawa.

Eksirei haiumi, ila yataka mtoto atulie, na pengine mzazi huombwa amshike. Mama mjamzito asiingie. Na aende baba.