Kabla ya kupigia kanjo kelele, omba daftari



Chukulia hivi. Ni asubuhi, barabara ya Moi South Lake, pale Karagita. Mama ametandika sukuma na nyanya kando ya lami. Lori ya kanjo inasimama. Dakika tano baadaye mboga ziko ndani ya lori, mama analia, na vijana wamesimama na simu wanarekodi. Jioni video iko kwenye kila grupu. Watu mia tano wameandika "dhuluma!" Kesho kutwa tumesahau. Wiki ijayo lori inarudi.

Sasa jiulize maswali ambayo hakuna mtu aliyeuliza kwenye hiyo video. Nani alilalamika kuhusu huyo mama? Malalamiko yalikuwa mangapi mwezi huo, na yalikuwa ya nini? Kwa nini askari walikuja Karagita, si Kabati wala Lakeview? Na ule mtaro ulioziba nyuma ya plot yenu, ambao kila mtu anaulalamikia tangu masika, umeandikwa wapi?

Maswali haya yana majibu, na majibu yake hayako kwenye video. Yako kwenye daftari. Daftari hilo ni mali yako.

Tunazungumzia nini hasa

Kaunti ikipokea malalamiko, mtu anayaandika mahali. Askari akitoza faini, kuna risiti. Afisa wa afya akifunga hoteli, kuna notisi. Ukiweka hayo yote kwenye jedwali lenye safu tano tu, yaani tarehe, wadi, aina ya lalamiko, hatua iliyochukuliwa, na siku ngapi zilipita kabla ya hatua hiyo, unapata picha ya mji ambayo hata mzee wa mtaa hana. Jedwali kama hilo likiwekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kulisoma na kulitumia bila kuomba ruhusa, hiyo ndiyo data wazi. Hakuna uchawi hapo.

Kazi zenyewe ni za kaunti kisheria. Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili. Utaona kuzoa taka, makaburi, masoko, leseni za biashara, barabara za mitaani, na udhibiti wa kelele na kero nyingine za umma. Ni kama nusu ya mambo tunayolalamikia tukiwa tumeketi nje ya msikiti baada ya Isha.

Kwanza, ujue mji wako una ukubwa gani

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 355,383 katika kaunti ndogo ya Naivasha. Kaunti nzima ya Nakuru ilikuwa na 2,162,202. Kwa hivyo karibu mtu mmoja kati ya kila sita wa kaunti hii anaishi Naivasha, na hakuna kaunti ndogo nyingine ya Nakuru yenye watu wengi kama sisi.

Tuna wadi nane: Biashara, Hells Gate, Lakeview, Maiella, Mai Mahiu, Olkaria, Naivasha East na Viwandani. Ukigawanya sawasawa, ni watu kama 44,000 kila wadi. Lakini hakuna anayeishi kwenye wastani. Wadi moja ina mabanda ya kupanga ya wafanyakazi wa maua, milango kumi kwa choo kimoja, na nyingine ina mashamba na nyumba zenye lango.

Ndiyo maana hesabu ya kwanza ni kulinganisha idadi na watu. Tuseme wadi moja imeandikiwa malalamiko 200 na nyingine 100. Usikimbilie kusema ya kwanza ni chafu mara mbili. Kama ya kwanza ina watu 60,000 na ya pili 20,000, basi ya pili ndiyo yenye malalamiko mengi kwa kila mtu. Hiyo ni hesabu ya darasa la saba, na mara nyingi inatosha kugeuza hoja ya kikao kizima.

Pili, usidanganywe na hiyo namba

Hapa vijana wengi huteleza. Namba ya malalamiko haikuonyeshi shida iko wapi. Inakuonyesha nani analalamika.

Mwenye nyumba kubwa anajua nambari ya simu ya afisa. Mpangaji wa chumba kimoja anaogopa akilalamikia choo, mwenye plot atamwambia ahame mwisho wa mwezi. Mfanyakazi wa maua anatoka alfajiri, anarudi jioni. Ofisi zimefunguliwa akiwa shambani na zimefungwa akirudi. Mtaa wake unaweza kuwa na malalamiko sufuri kwenye daftari na maji machafu mlangoni. Sufuri hiyo maana yake ni kwamba hakuna aliyesikika.

Wenzetu wameliona hili mbele yetu. New York ilianzisha simu ya malalamiko ya 311 mwaka 2003, na 2012 ikapitisha sheria ya kulazimisha data ya mji iwe wazi. Waandishi wa habari na watafiti waliposoma malalamiko ya kelele, walionyesha kwamba yalikuwa yakiongezeka katika mitaa ambayo watu wenye pesa walikuwa wanahamia karibu na wenyeji wa zamani. Muziki na maskani ya barazani yalikuwepo siku zote. Jirani ndiye aliyebadilika, na jirani mpya alijua nambari ya kupiga.

Tuwe wakweli, hapo na sisi tunaguswa. Kanuni za kelele za kitaifa ziko tangu 2009, na spika ya msikiti, ya kanisa, ya baa na mngurumo wa posho mill vyote vinaweza kuandikwa safu moja, "kelele". Mkiitwa ofisini kuhusu spika, swali la haki si "mnatuonea kwa nini?" Uliza hivi: malalamiko ya kelele mtaa huu ni mangapi mwaka huu, mangapi ni ya baa, mangapi ni ya nyumba za ibada, na kila aina imechukuliwa hatua gani? Kama sheria inafuatwa kwa wote sawa, tuitii na tupunguze sauti. Kama inafuatwa kwa mmoja tu, hapo una ushahidi wa kwenda nao mbele, hubaki na hasira peke yake.

Tatu, kuna mambo ambayo ni uhai na mauti

Usidhani haya ni mambo ya wasomi wa Nairobi. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, maji yalishuka kwa nguvu kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu. Zaidi ya watu 40 walikufa. Maafisa walieleza kwamba maji yalijikusanya nyuma ya njia ya maji chini ya reli iliyokuwa imezibwa na takataka na matope, kisha yakapasuka. Mai Mahiu ni wadi yetu.

Hatusemi kwamba kulikuwa na lalamiko lililopuuzwa. Tunasema jambo moja: njia ya maji iliyoziba si jambo dogo la kuachiwa mvua. Inafaa iandikwe, ionekane na kila mtu, na siku zake zihesabiwe mpaka izibuliwe. Waulize watu wa Kihoto, ambao ziwa limewafuata mpaka nyumbani.

Kuna waliofanya kazi hii wakiwa vijana kama wewe. Kibera kabla ya 2009 ilikuwa karibu tupu kwenye ramani, wakati kila mtu alikuwa akisema ina watu milioni moja. Mwaka huo vijana wa pale pale walianza kuchora vichochoro, vyoo, zahanati na shule zao kwenye OpenStreetMap, kazi iliyoitwa Map Kibera. Sensa ya mwaka huo huo nayo ikahesabu watu 170,070. Watu wamebishana sana juu ya namba hiyo, lakini ona: bila ramani na bila hesabu, hata ubishi wenyewe huna pa kuushika. Dar es Salaam nako, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatoa wanafunzi na wakazi mitaani kuchora mitaro na sehemu zinazofurika.

Sasa ufanye nini

Usikae kusubiri tovuti. Kenya ilizindua mtandao wake wa data wazi tarehe 8 Julai 2011, Rais Kibaki mwenyewe akiwepo, na tukasifiwa Afrika nzima. Baadaye moto ukapoa na takwimu nyingi zikabaki za zamani. Lakini haki yako haikuzinduliwa na tovuti. Iko kwenye Kifungu cha 35 cha Katiba, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeiwekea miguu.

Andika barua. Sheria inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili. Kama wewe ni raia, sababu yako haiwezi kutumiwa kukunyima. Kupeleka ombi hakulipishwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Wana siku 21 za kukujibu, na wakiwa na sababu wanaweza kuongeza mara moja, si zaidi ya siku 14. Wakikunyima, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utawala wa Haki, ile ambayo watu huiita Ombudsman.

Barua yenyewe iwe fupi. Mfano:

"Naomba idadi ya malalamiko yaliyopokelewa na Manispaa ya Naivasha kuanzia Januari hadi Desemba mwaka jana kuhusu taka, maji machafu, mitaro, kelele na biashara za barabarani, kwa kila wadi na kila mwezi, hatua iliyochukuliwa, na idadi ya watu waliotozwa faini au kukamatwa chini ya sheria ndogo za kaunti. Sihitaji jina la mtu yeyote. Naomba nipewe kama jedwali la kompyuta."

Weka tarehe. Gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Piga picha. Anza kuhesabu siku.

Usisahau hayo maneno, "sihitaji jina la mtu yeyote". Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za mtu binafsi, na imani ya mtu iko kati ya zile zinazolindwa zaidi. Ukipata kwa bahati mbaya jina la jirani aliyelalamika, usiliweke kwenye grupu. Siku utakapofanya hivyo, mpangaji mwoga hatalalamika tena maishani, na wewe utakuwa umefanya kazi ya yule uliyekuwa unampinga.

Wakati unasubiri, chora yako. Vijana watano, simu tano, Jumamosi moja. Gaweni mtaa. Andikeni kila rundo la taka, kila mtaro ulioziba, kila taa ya barabara isiyowaka: mahali, tarehe, picha. Msipige picha watu. Rudieni baada ya mwezi. Majibu yakija, yawekeni kando ya yenu. Pale ambapo daftari lao linasema kimya na picha zenu zinasema mafuriko, hapo ndipo kazi ilipo.

Angalia pia safu ya waliokamatwa. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji, zinazomwadhibu mtu kwa hali yake tu, hazipatani na Mkataba wa Afrika. Kama mtaa mmoja una malalamiko machache na kukamatwa kwingi, tena vijana watupu, uliza walikamatwa kwa kosa gani hasa.

Peleka namba mahali inapouma

Namba ikibaki kwenye simu yako ni umbea tu. Ipeleke kwenye bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unapelekwa bungeni kabla ya 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Vikao vya maoni ya wananchi hufanyika katika safari hiyo. Tunajua vinavyoendaga: watu wanasimama, wanalia, wanakunywa soda, wanarudi nyumbani. Wewe simama na karatasi moja. Sema: "Wadi yetu, mitaro 14 imeziba, hii hapa orodha, hii hapa tarehe ya kila mmoja." Kisha mpe MCA nakala mbele ya watu. Akikaa kimya, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kupeleka ombi rasmi kwenye bunge la kaunti.

Yule mama wa sukuma hatasaidiwa na watu mia tano kuandika "dhuluma". Labda daftari litaonyesha kweli watu walilalamika kwamba barabara imezibwa, na dawa ni kupewa nafasi sokoni. Labda litaonyesha hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kila jibu lina njia yake, lakini bila daftari hatuwezi kujua tushike ipi.

Barua ni ukurasa mmoja. Iandike kabla ya Ijumaa. Ukigongewa muhuri, tutumie picha, ukiwa umefunika jina lako kama unapenda. Tutahesabu hizo siku 21 pamoja.